Amelala au Imezimika? Mwongozo kamili wa kumleta mnyama roboti darasani

Mwalimu mwenzangu, nimeandika mwongozo huu kwa sababu swali ninaloulizwa ni lilelile kila muhula: "Tulimleta paka roboti, watoto wakashangilia siku mbili, sasa yuko kabatini. Tulikosea wapi?"

Nami nilikosea hivyohivyo. Mara ya kwanza nilimtoa mbwa roboti kwenye kasha mbele ya darasa zima, akiwa ameshawashwa, kama zawadi. Mikono ikamrukia. Kabla kengele ya mapumziko haijalia, mkia ulikuwa umekatika, na mtoto mmoja alikuwa chini ya dawati akilia kwamba wenzake wamemuua.

Mashine haina kosa. Kosa ni mpangilio: tunawasha kwanza, halafu ndipo tunatafuta somo. Geuza. Swali litangulie, taratibu zifuate, mnyama aje mwisho.

Utaona humu naandika mara "mnyama roboti analia", mara "roboti inalia". Sijapitiwa. Hatua ya 7 itaonyesha kuwa ngeli hizo mbili ni chombo kizuri kuliko vyote ulivyonavyo katika kazi hii.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Mnyama roboti mmoja. Mmoja anatosha ukiwa na zamu nzuri. Wawili ni anasa.
- Seti mbili za betri, au chaja yake halisi kama betri haitoki.
- Bisibisi ndogo ya kufungulia mfuniko wa betri.
- Mkeka au zulia dogo la kutosha watoto sita kukaa kwa duara.
- Kasha au kikapu chenye kifuniko.
- Brashi laini na kitambaa cha kufutia.
- Daftari moja kubwa la darasa, na karatasi ya kila mtoto kwa ajili ya hatua ya 4.
- Chati ya zamu ya kubandika ukutani.
- Saa ya kuhesabu dakika, yenye mlio.
- Barua kwa wazazi.

Mkeka usiudharau. Roboti nyingi hufa kwa kuanguka kutoka mezani, na mkeka chini unamaliza tatizo hilo. Pia unachora mpaka: mnyama haondoki mkekani, na mtoto asiye na zamu hakanyagi mkeka.

Kuhusu betri, soma kwanza kijitabu cha maelekezo. Betri za kuchajiwa za aina ya NiMH hutoa volti 1.2 kila moja, ilhali za kawaida za alkali hutoa volti 1.5. Roboti ya betri nne itapata volti 4.8 badala ya 6, na baadhi ya roboti hapo huanza kulegea shingo au kujizima. Mwalimu hudhani imeharibika, kumbe ina njaa tu ya umeme.

## Hatua ya 1: Chagua mnyama kwa kufuata swali lako

Kuna aina tatu hivi. Wa kwanza ni wa manyoya, anayejibu mguso na sauti, bila intaneti. Wa pili hutembea na watoto wanaweza kumpangia amri. Wa tatu ana kamera, kipaza sauti na waifai.

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 9, chukua wa kwanza. Kwa wakubwa zaidi, wa pili ana mengi ya kufundisha. Wa tatu sikushauri umlete darasani, na sababu zangu ni mbili.

Kwanza ni sauti za watoto. Februari 2017 ilibainika kuwa rekodi zaidi ya milioni 2 za ujumbe wa sauti kutoka kwa wanasesere wa manyoya wa CloudPets zilikuwa zimeachwa wazi kwenye intaneti. Mwezi uleule, Ujerumani ilimpiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla, ikimhesabu kuwa kifaa cha siri cha kusikiliza watu. Darasa lina watoto wengi kuliko nyumba, na wewe si mzazi wao.

Pili, roboti inayotegemea seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mbali, hufa siku kampuni ikifunga. Desemba 2024 kampuni ya Embodied ilitangaza inafunga, na wazazi waliokuwa na Moxie, roboti rafiki ya watoto, wakalazimika kuwaeleza wanao kwa nini rafiki ataacha kuongea. Usijiweke mahali hapo mbele ya darasa.

Mnyama gani? Takanori Shibata wa Japani alipobuni PARO, roboti ya kufariji wagonjwa na wazee, alichagua mtoto wa sili badala ya paka au mbwa. Watu wengi hawajawahi kuishi na sili, kwa hiyo hawana cha kulinganisha, na hawamkatai kirahisi. Hekima nzuri, ila kwetu inageuka. Sisi tunataka watoto walinganishe. Chukua paka, mbwa, sungura au kuku, mnyama ambaye mtoto atasema, "Lakini paka wa kweli hafanyi hivi!" Sentensi hiyo ndiyo somo lenyewe.

## Hatua ya 2: Kaa nayo peke yako siku tatu

Iwashe nyumbani, iache karibu nawe ukifanya kazi zako. Andika mambo manne: nini huiamsha, huchukua dakika ngapi kusinzia, sauti yake ni kubwa kiasi gani, betri zinadumu muda gani.

Halafu jaribu kelele. Piga makofi, sukuma kiti, washa redio. Roboti inayoamka kwa kila sauti itabweka darasani mfululizo, na hapo utahitaji kujua swichi yake iko wapi hata gizani. Kama haina kidhibiti sauti, kipande cha selotepu juu ya matundu ya spika kinapunguza vya kutosha.

Kagua pia usalama. Vuta macho, pua na vishikizo kwa nguvu ya mtoto, kinachotikisika hakifai. Hakikisha mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu.

Tahadhari kubwa: epuka kabisa roboti inayotumia betri ndogo za duara, bapa kama kifungo cha shati, na hasa zile ambazo mfuniko wake unafunguka kwa kucha. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa 2. Usisubiri dalili, usimtapishe. Mpeleke hospitali papo hapo.

Uko tayari unapoweza kutabiri roboti itafanya nini kabla haijafanya.

## Hatua ya 3: Omba ruhusa, tena kwa maneno ya wazi

Mwalimu mkuu aambiwe, na wazazi waandikiwe. Barua iwe fupi: ni roboti ya aina gani, ina kamera au kipaza sauti au haina, itakaa wiki ngapi, watoto watajifunza nini. Malizia kwa kuomba mzazi akwambie kama mtoto anaogopa wanyama, anasumbuliwa na sauti za ghafla, au amefiwa na mnyama wake karibuni.

Hilo la mwisho walimu wengi hulisahau. Mtoto aliyemzika paka wake wiki mbili zilizopita haoni mchezo pale paka mwingine anapokata moto mkekani. Mpe nafasi ya kutazama kwa mbali, au kuwa mwandishi badala ya mlezi.

Usiwaahidi wazazi kwamba roboti itatibu aibu, utundu au upweke wa mtoto yeyote. Waahidi somo la sayansi na la kuzungumza kwa hoja. Hilo unaweza kulitimiza.

## Hatua ya 4: Uliza swali kabla hawajamwona

Siku moja kabla, mnyama akiwa bado nyumbani kwako, andika ubaoni: *Kipi ni hai?* Chini yake orodhesha: paka, jiwe, mbegu kavu, moto, mto, saa ya ukutani, roboti. Kila mtoto ajibu kwenye karatasi yake, aandike na sababu moja. Kusanya karatasi, usizisahihishe. Zifungie.

Kisha jadilini moto, na hapo usiwe na haraka. Moto unakula kuni. Unakua. Unazaa moto mwingine. Ukiufunika unakosa hewa na kuzima. Unajongea. Watoto watatetea kwa nguvu zote kwamba moto ni hai, na lugha yetu inawapa silaha, maana sisi wenyewe tunasema moto unakula na moto umekufa. Waache wabishane. Halafu andikeni pamoja sifa za viumbe hai: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuhisi, kuzaliana, kutoa takamwili. Waulize: moto unazo ngapi kwa kweli, na ngapi tunazisema kwa mfano tu?

Kwa nini tuanze hapa? Kwa sababu mtoto akishamkumbatia paka laini anayekoroma, hataki tena kufikiri. Swali linaloulizwa mapema linabaki kichwani mwake hata mikono ikiwa imejaa manyoya.

Umefaulu ukisikia watoto wakiendelea kubishana uwanjani.

## Hatua ya 5: Siku ya kwanza, ilete ikiwa imezimwa

Dakika 20 zinatosha. Wakae kwa duara, mikono magotini. Toa mnyama kwenye kasha akiwa kimya, bila betri. Mpitishe mkono kwa mkono. Watahisi uzito, ugumu wa plastiki chini ya manyoya, viungo vya shingo. Waulize wanadhani atafanya nini.

Kisha mbele ya macho yao fungua mfuniko, tia betri moja moja, funga skrubu, washa. Hakuna kificho wala uchawi.

Wapo walimu wanaoniambia kwamba hivi naua maajabu. Nimelitazama darasa baada ya darasa, na sioni maajabu yakifa. Mtoto aliyeona betri zikiingia anashtuka na kucheka pale macho yanapofunguka kama yule asiyeziona. Tofauti ni kwamba yeye anajua aanzie wapi kuuliza.

Chagueni jina, au msichague. Kura ya jina ni nzuri, lakini kwa watoto wa darasa la kwanza jina huwafanya waone roboti ni mtoto mchanga, na utatumia wiki nzima kuamua nani "mama yake". Mimi sasa nasubiri wiki ya pili.

Tahadhari: chunga ulimi wako. Usiseme "atahuzunika msipomshika" au "anawapenda mkinyamaza". Mtoto anakuamini. Ukitumia huzuni isiyokuwepo kumtuliza leo, umemfundisha kutii kilio cha mashine, na zipo mashine nyingi zinazomngoja zilizotengenezwa zilie hivyo. Sema: "Imetengenezwa ilie hivi ikikaa bila kuguswa." Ni kweli, na bado inapendeza.

## Hatua ya 6: Weka zamu, kila mtu na kazi yake

Kundi moja kwa siku, watoto sita, dakika 15, saa ikihesabu. Gawa kazi:

- Walezi wawili: hao pekee ndio wanaogusa.
- Mtazamaji: anasema kwa sauti anachoona.
- Mwandishi: anaandika kwenye daftari la darasa.
- Mtunza betri: anawasha, anazima, anaandika saa.
- Msimamizi wa mkeka: anaangalia mipaka na kuwakumbusha wenzake.

Bandika chati ili kila mtoto aone siku yake. Vurugu nyingi huletwa na hofu ya kutofikiwa, wala si utundu. Mtoto akiona jina lake kwenye Alhamisi, Jumatatu anatulia.

Mikono inawe kabla na baada. Manyoya ya roboti hayana mba za mnyama zinazosumbua wenye mzio, lakini yanashika vumbi na uchafu wa mikono. Mwisho wa wiki toa betri, piga brashi, futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke. Usiichovye majini kamwe.

## Hatua ya 7: Sikiliza ngeli

Hatua hii nimeigundua kwa bahati. Betri zilikuwa zimeisha, na msichana mmoja akavua sweta lake akamfunika paka hadi kidevuni.

"Mwache, amelala," akamwambia jirani yake.

Mvulana akainama, akachungulia chini ya sweta, akasema, "Hajalala. Imezimika."

Angalia sentensi hiyo. Imeanza na kiumbe na kumalizikia na kitu, kwa pumzi moja, na mtoto mwenyewe hakujua amevuka mpaka. Tangu siku hiyo sihitaji kuwauliza watoto "mnadhani ni hai?" Wanajibu kila wanapofungua kinywa.

Fanya hivi. Gawa ukurasa wa daftari safu mbili: *a-* na *i-*. Mwandishi wa siku aandike kila kitenzi anachokisikia kuhusu roboti, neno kwa neno: *anakoroma, imekwama, anataka, inapiga kelele.* Baada ya wiki soma orodha kwa darasa zima, uulize: ni wakati gani tunasema *a-*, na ni wakati gani tunasema *i-*? Mara nyingi watoto hugundua wenyewe kwamba ikifanya vizuri ni *a-*, ikiharibika inakuwa *i-*.

Najua mwenye sarufi atapinga: mwanasesere naye huchukua *a-*, na tukisema "mnyama" upatanisho unajivuta wenyewe kuelekea *a-*. Ni kweli, na wakubwa waambie hivyo. Kwa hiyo siku hizo tumia neno "roboti" peke yake, halafu uone wao wenyewe watachagua nini.

Usimsahihishe mtoto anayesema "amelala". Ukisahihisha, kesho atakwambia unachotaka kusikia, na daftari lako halitakuwa na thamani.

## Hatua ya 8: Tafuteni vihisi

Sasa ni upelelezi: vihisi, yaani sehemu za roboti zinazotambua mguso, sauti au mwanga, viko wapi? Kila kundi lijaribu sehemu moja: kichwa, mgongo, shavu, tumbo, tena na tena, mara 5 kila moja. Waandike: tumegusa wapi, imefanya nini, mara ngapi kati ya 5. Kisha wafunike macho yake kwa kitambaa, wapige makofi, wamlaze chali.

Chora mnyororo ubaoni: mguso, kihisi, programu, mota, mwendo. Uliza mnyororo umekatika wapi pale inaposhindwa kujibu. Kundi litakalokuta sehemu isiyojibu kitu limepata matokeo sawasawa na lile lililopata sauti. Waambie hivyo kabla hawajakata tamaa.

Umefaulu mtoto anapoacha kusema "hataki" na kusema "hapo hapana kihisi".

## Hatua ya 9: Swali gumu, kwa watoto wa miaka 8 na kuendelea

Uliza: je, ni vibaya kumpiga? Usitoe jibu lako.

Jiandae kusikia mambo mazito. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, Gail Melson, Peter Kahn na wenzao waliwaweka watoto 72 wa miaka 7 hadi 15 na AIBO, mbwa roboti wa Sony, na pia na mbwa hai. Watoto walikaa karibu zaidi na mbwa hai na kumgusa zaidi. Hata hivyo wengi wao walimchukulia AIBO kwa namna zinazofanana na mbwa wa kweli. Basi usishangae mtoto wako akisema "haina uhai, lakini usiipige." Mwulize kwa nini. Wengine watasema ni mali ya darasa. Wengine, kwamba anayezoea kupiga hiki atampiga na kile. Mmoja aliwahi kuniambia, "Kwa sababu mimi ndiye nitakayejisikia vibaya." Ziandikeni zote.

## Hatua ya 10: Ikiharibika

Itaharibika, basi panga maneno mapema. Usiifiche na kudanganya kwamba "amesafiri". Iweke mkekani, sema imeacha kufanya kazi, waite watunza betri wakague pamoja nawe: betri zimewekwa upande sahihi? Ncha zina kutu? Swichi ipo kwenye hali ya majaribio ya dukani? Manyoya yamenaswa kwenye kiungo?

Betri iliyovimba, inayovuja au inayochemka haiguswi na mtoto. Itoe mwenyewe na kuipeleka panapopokelewa betri chakavu. Usichaji roboti usiku bila mtu wa kuiangalia.

Mtoto akilia, mwache alie. Usimcheke na usiruhusu achekwe. Sony ilipoacha kukarabati AIBO za zamani mwaka 2014, baadhi ya wenye nazo Japani walizipeleka kwenye hekalu la Kōfuku-ji, mji wa Isumi, zikafanyiwa ibada ya mazishi kabla ya kuwa vipuri vya nyingine. Hao walikuwa watu wazima. Wasimulie watoto kisa hicho. Kinawatuliza kuliko "ni mashine tu".

## Hatua ya 11: Maliza kwa tarehe, si kwa kuchoka

Panga wiki 4 hadi 6 na uwatangazie tarehe ya mwisho tangu mwanzo. Baada ya hapo hamu hushuka, na roboti inayokaa kona bila kazi huwafundisha watoto kuzoea kupuuza.

Siku ya mwisho rudisha zile karatasi za hatua ya 4. Kila mtoto achukue kalamu ya rangi nyingine, aandike jibu lake jipya kando ya lile la kwanza bila kulifuta. Wengi hubadilisha jibu kuhusu moto. Kuhusu roboti, wapo wanaoacha neno lilelile na kuandika sababu mpya mistari minne.

Kisha mtunza betri wa mwisho afungue skrubu, atoe betri mbele ya wenzake, aandike tarehe kwenye kipande cha selotepu na kukibandika kwenye kasha. Kama kulikuwa na programu ya simu, futa akaunti na rekodi zote siku hiyohiyo. Daftari lenye safu mbili libaki kwenye rafu ya vitabu, mahali ambapo watoto wanaweza kulifikia.